Mpendwa, Koma

Stockport, Jumatatu, manyunyu yanayokaa tu
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ofisi yetu iko juu ya duka la mazulia.
Tunauza chakula cha mbwa, na biskuti za mbwa,
na sweta za mbwa ikifika Novemba.
Kazi yangu ni safu.

Safu ya jina la kwanza. Safu ya ukoo.
Safu ya mbwa, safu ya siku aliyozaliwa mbwa,
uzito wake, mzio wake,
na mara ya mwisho kadi ya benki ilipokohoa pesa.

Watu elfu arobaini na moja,
na fomu hakuna aliyeijaza sawasawa.
Yupo aliyeandika jina lote kwa herufi kubwa
kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya barabara.
Yupo aliyeweka "Dokta" pahala pa jina,
basi kila Ijumaa tunamwambia: Habari za leo, Dokta,
naye labda anafurahi.
Yupo aliyejaza "Hapana".
Mpendwa Hapana, tumekukumbuka.

Mia tatu na sita wamezaliwa Januari mosi.
Callum, meneja, anacheka: wavivu hawa.
Mimi sicheki. Baba yangu ni wa Januari mosi,
na ami zangu wawili, na jirani yao Famau.
Karani aliwauliza, wakasema mwaka wa nzige,
akachovya kalamu
akawazaa wote siku moja.

Palipo tupu nako kuna hila yake.
Mashine isipokuta jina haisimami,
hupita kama mtu aliyeruka kipandio gizani:
Mpendwa, kisha pengo, kisha koma.
Wiki jana barua mia tisa zilitoka hivyo.
Bronagh akasema ni alama tu, kitu kidogo, rekebisha.
Nikashindwa kumweleza
kwamba kwetu koma ni kituo cha pumzi,
na ni amri ya mama mwenye mwiko mkononi,
na ni mzimu wa aliyekufa, anayedai atajwe.

Nikaweka kanuni: jina likikosekana, andika "rafiki".
Nikishuka na orodha kuikagua
ndipo nilipokutana na Doreen Ackroyd.

Doreen, safu zote safi. Mbwa: Pickle. Miaka kumi na minne.
Uzito unapungua kila robo mwaka,
kilo tisa, nane, sita na nusu,
kisha hakuna ununuzi.
Mwisho kabisa wa mstari, safu ya maelezo,
ile ambayo mashine haiisomi:
"Mteja kapiga simu. Mbwa amekufa. Anaomba tusimwandikie tena."
Tarehe ya mwaka juzi.
Tangu hapo tumempelekea mara mbili
keki ya kuchorwa, mshumaa,
na Heri ya kuzaliwa, Pickle!

Nikafungua safu mpya. Nikaiita nyamaza.
Callum akaja na kikombe chake: hii inaingiza nini?
Nikasema, ndiyo au hapana.
Alimaanisha pesa. Nilijua alimaanisha pesa.

Siku ile niliyasoma maelezo kwa macho yangu,
moja moja, kama achambuaye mchele,
hadi wafagiaji walipozima taa za ngazi.
Nikapata sitini na wanane.
Ndiyo, nikajaza. Ndiyo. Ndiyo.
Wa Doreen nilikuwa nimeujaza zamani,
nikarudi kuutazama tu.

Nyumbani, chini ya tundu la mlango, barua ya benki.
Safu yao ya jina ina nafasi kumi,
mimi nina herufi kumi na moja.
Mpendwa Mwanaharus,
Nikaitafuta ile i zuliani, upumbavu tu,
kisha nikachukua kalamu nikaiandika mwenyewe,
nikaibana pale pale, kabla ya koma.